Kamba ya Kidevu

Wiki ile ya kuelekea mchujo, kama uliingia saluni kwa Kinyozi ukiwa na haraka, basi pole yako. Si kwamba hakujua kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mtu angeweza kusinzia chini ya wembe wake akaamka kijana. Shida ilikuwa mdomo. Akianza kusimulia mchujo wa timu ya taifa, mashine inabaki inanguruma hewani, na wewe umekaa pale upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, unasubiri kwanza bwana mkubwa atoke majini.

"Triathloni," alikuwa akiwaeleza wateja, "ni mchezo wa watu walioshindwa kuchagua. Mwenye akili akipenda kuogelea, anaogelea, anajikausha, anakwenda kwao. Sisi tukitoka majini tunapanda baiskeli. Tukishuka kwenye baiskeli tunakimbia. Mwisho kabisa tunapewa chupa ya maji, na maji tuliyaacha kule mwanzo."

Wateja walimwita Akiba. Jina hilo alilipata kihalali, maana mara mbili alikwenda kwenye mchujo na mara mbili alirudi akiwa mchezaji wa akiba, yule anayesafiri mwenzake akivunjika mguu. Na hakuna aliyevunjika. Mara ya kwanza alifuata boya la njano kule bwawani kwa bidii zote, kumbe boya lenyewe ni kofia ya mshindani mwingine, naye alikuwa amepotea. Mara ya pili alitoka majini vizuri, akavuta baiskeli, akaona kiti kimepanda juu, akamlaani mkewe kimoyomoyo kwa kuchezea vitu vya watu, akaendesha mpaka kona ya kwanza ndipo akasikia mtu anapiga kelele nyuma: "Baiskeli yangu! We mzee, baiskeli yangu!"

"Usijali, akiba haiozi," wateja walimwambia.

"Haiozi," alijibu, "ila hii imeanza kunuka."

Alikuwa wa kwanza kujicheka, na alijicheka kwa sauti, ili wengine wasipate nafasi ya kuanza. Lakini safari hii ndani ya tumbo lake hapakuwa na kicheko. Chama cha mchezo huo kilitangaza nafasi tatu za wanaume, na kikaongeza kwamba aliyefikisha miaka arobaini hatafikiriwa tena kwa timu ya taifa. Kinyozi alikuwa anaugonga mlango wa arobaini. Ilikuwa sasa au basi tena.

Na aliitaka nafasi ile, jamani, aliitaka mpaka aibu. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuwapendezesha wenye safari. Bwana harusi alipita kwake. Anayekwenda kwenye usaili wa kazi alipita kwake. Anayepanda ndege kesho alipita kwake, akanyolewa, akapakwa spiriti shingoni, akaondoka zake, na Kinyozi akabaki na ufagio anakusanya nywele za watu waliokwenda. Alitaka mara moja tu na yeye awe ndiye mwenye safari. Alitaka aingie kwa mlango ule wa kioo akiwa amevaa suti ya michezo yenye jina la nchi mgongoni, apite polepole, ageuke, wasome.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana huyu huwezi kumzunguka.

Mama mkwe wa Kinyozi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule lakini hakustaafu ualimu. Siku Kinyozi alipokwenda kuposa, alimuuliza, "Na kazi ni hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ya vichwa."

"Ya vichwa, mama."

"Na mimi nimeshughulika na vichwa maisha yangu yote," akasema mama mkwe, "ila kwa upande wa ndani."

Tangu siku hiyo akamwita Kinyozi. Hakumwita mwanangu wala baba watoto, alimwita Kinyozi tu, kama anaita gari la taka. Na nywele zake fupi zenye mvi alikwenda kuzipunguza ng'ambo ya mji, kwa mtu asiyemjua, akipita mbele ya saluni ya mkwewe bila kugeuza shingo. Kinyozi aliwaambia wateja kwamba mama anaogopa tu kuchelewa, kwa sababu ya hadithi. Walicheka. Nyumbani hakucheka sana.

Basi jioni moja wako mezani, mama mkwe amekuja kula, mke wa Kinyozi, ambaye ni muuguzi, akasema, "Siku ya mchujo mimi niko zamu. Ila usiwe na wasiwasi, mama atakuwepo. Katibu wa chama alikuwa mwanafunzi wake. Wamemwomba awe mwamuzi."

Kinyozi alikuwa na kijiko mdomoni. Kikabaki humo humo.

"Mwamuzi wa wapi?" akauliza kijiko kilipotoka.

"Pale kituo cha kubadilisha. Mnapotoka majini mkachukue baiskeli."

Alimvuta mkewe jikoni kwa kisingizio cha chumvi. "Unajua pale natokea nimevaa nini?"

"Ile nguo yako ya kubana."

"Mama yako anione na ile nguo? Mkwe wangu?"

"Kwa wembamba huo ataona nini?" mkewe akasema, akachukua chumvi, akarudi mezani.

Kule mezani mama mkwe alikuwa ameshatoa miwani. Kanuni za mchezo alizisoma zote, akazirudia, na sasa alitaka kujua nani mwingine amesoma.

"Kinyozi. Msaada wa nje ni nini?"

"Ni... ni pale mtu asiye mshindani anapokusaidia kitu, mama. Kukushikia, kukufungia, kukusukuma."

"Adhabu yake?"

"Unatolewa."

"Helmeti inafungwa lini?"

"Kabla ya kugusa baiskeli, mama. Ukiigusa kamba ya kidevu haijafungwa, filimbi."

"Vizuri. Kaa."

Alikuwa amekaa tangu mwanzo, lakini alijisogeza kidogo kwenye kiti ili ionekane ametii. "Na usifikiri," mama mkwe akamalizia, "kwamba kwa kuwa umeoa kwangu, filimbi yangu itakuwa na kikohozi."

Siku ya mchujo Kinyozi aliamka mkewe ameshakwenda kazini. Akavaa, akachukua baiskeli nyuma ya kochi, akasimama mlangoni na helmeti kichwani, kidevu juu, kama kila alfajiri ya mazoezi. Akasubiri. Kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumsubiri. Mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga ile kamba siku zote, pale mlangoni, akimpiga kofi dogo la shavu na kumwambia asigongwe. Kinyozi akacheka peke yake, akavua helmeti, akaitundika kwenye usukani, akaenda nayo bwawani hivyo hivyo. Kamba ya plastiki, bwana. Nani atashindwa na kamba ya plastiki?

Majini, huwezi kuamini, mambo yalikwenda. Maboya yote aliyaona, tena yalikuwa maboya kweli. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole, lakini alijiambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akayaoga, na alipoinua kichwa ukingoni aliona migongo ya watu wawili tu mbele yake. Akatoka mbio, anakimbilia kituo cha kubadilisha. Na pale mlangoni, ndani ya kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi shingoni, amesimama mama mkwe.

Mshindani mwenye akili angepita. Kinyozi alivua miwani ya kuogelea, akaishika mbele kwa mikono miwili kusitiri kile ambacho vioo viwili vidogo haviwezi kusitiri, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" mama mkwe akafoka, anaangalia juu ya miti. "Kinyozi, kimbia!"

Akakimbia. Baiskeli yake aliijua safari hii, kwa sababu alikuwa ameifunga taulo la saluni. Akaingiza miguu kwenye viatu. Akavaa helmeti. Akashika ncha mbili za kamba chini ya kidevu, akazikutanisha.

Hazikukutana.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akajaribu tena, ncha moja ikapita juu ya nyingine. Akajaribu kwa kuangalia, akagundua, miaka thelathini na tisa duniani, kwamba mtu hawezi kuona chini ya kidevu chake. Nyuma yake walianza kufika wengine. Alisikia kamba zao zikilia, tik, tik, na baiskeli zikitoka. Mmoja akaenda. Mwingine akaenda. Kijana mrefu wa chuo akafika, akavaa, akafunga, akaondoka, na Kinyozi bado yuko pale amekodoa macho mbinguni, mikono inatetemeka chini ya kidevu kama anajikaba mwenyewe. Mikono ile ile inayopitisha wembe kwenye koo za watu! Akaanza kucheka, halafu akasikia kwamba kicheko kile kina machozi ndani yake. Akanong'ona, "Mungu wangu, si kwa kamba. Nishindwe kwa kitu kingine, si kwa kamba."

Mama mkwe alikuwa amesimama mwisho wa safu, filimbi mdomoni, akimtazama asije akagusa baiskeli.

Sasa elewa kwamba mwanamke huyu, kabla hajawa mwalimu mkuu, alifundisha darasa la kwanza. Amefunga vifungo vya mashati visivyo na idadi. Amefunga kamba za viatu, amevuta zipu, amefuta pua, watoto wa watu wamesimama mbele yake wanalia kidevu juu. Mikono ina akili yake, haiulizi kichwa. Filimbi ikadondoka mdomoni ikaning'inia. Akapiga hatua, akavisukuma kando vidole vile vilivyokufa ganzi, akashika ncha zote mbili.

"Inua kidevu, mwanangu."

Tik.

"Haya, nenda."

Akaenda. Akafika mlima wa kwanza akikanyaga kama mwizi, na mlimani pale ndipo mambo mawili yalipomwingia kichwani. La kwanza, ameniita mwanangu. La pili, amenifunga. Yalimjia kwa mpangilio huo huo, na mwenyewe hukubali kwamba mtu mwenye ubongo angeanza na la pili. Akajiambia labda hakuna aliyeona. Akajiambia mama mwenyewe ndiye mwamuzi, na mwamuzi ameona ni sawa. Akajiambia mengi, na kila alipojiambia alikanyaga zaidi, mpaka aliposhuka baiskeli walikuwa wamebaki watatu tu mbele yake.

Mbio za miguu hazina hadithi. Zina maumivu tu. Tuseme hivi, karibu kabisa na mwisho alimwona yule kijana mrefu wa chuo ameshika ubavu, akampita, na alipompita alimwomba radhi kwa sababu hakuzoea kumpita mtu. Akavuka mstari wa mwisho akiwa wa tatu.

Wa tatu! Akaanguka kwenye majani akabaki pale, mikono imetanuka. Katibu wa chama akaja kumwinamia akicheka. "Akiba umetoka kwenye benki, eh?" Dada mmoja wa chama mwenye kalamu sikioni akauliza, "Suti ya michezo saizi gani?"

"Ya kati," Kinyozi akasema. Akalirudia neno hilo taratibu, maana lilikuwa tamu. "Ya kati. Na jina la nchi liwe kubwa."

Ndipo akamwona mama mkwe anakuja. Alikuwa amevua kizibao cha chungwa na kukikunja vizuri, amekibeba mkononi kama daftari la kusahihishwa. Akampita Kinyozi bila kumtazama, akasimama mbele ya mwamuzi mkuu.

"Nina taarifa," akasema. "Nimemfunga mshindani kamba ya helmeti. Huyu hapa."

Mwamuzi mkuu alikuwa mtu mpole, amechomwa na jua, anataka kwenda nyumbani. "Labda ulimwelekeza tu, mama. Kuelekeza tunaweza kusema ni..."

"Sikumwelekeza. Nilimfunga."

"Hakuna aliyelalamika, mama."

"Mimi nalalamika."

Watu wakaanza kusogea. Mwamuzi mkuu akajikuna kichwa, akamgeukia Kinyozi pale chini. "Haya, bwana. Wewe ndiye mwenye kichwa. Ulifungwa, au ulijifunga mwenyewe?" Na akamtazama kwa jicho la kumsaidia, jicho linalosema, sema neno moja tu twende tukale.

Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mwenyewe. Fupi, jepesi, na nyuma yake kuna ndege, na suti, na mlango wa kioo. Alilitaka neno lile kuliko alivyotaka kitu chochote maishani, tusidanganyane hapa. Akamtazama mama mkwe. Mama hakuwa anamsihi wala kumtisha. Alikuwa amesimama wima kama yuko mbele ya mstari wa asubuhi shuleni, kizibao mkononi, na kidole gumba kinakisugua pembeni, kinakisugua. Kinyozi akaona jinsi itakavyokuwa. Watasema bibi amechanganyikiwa. Watasema jua kali, umri, mpelekeni kivulini mumpe maji. Mwanamke yule aliyesema kweli maisha yake yote atakwenda nyumbani akiwa kikongwe asiyejua alichokifanya kwa mikono yake.

"Alinifunga," Kinyozi akasema.

Na kwa kuwa Kinyozi ni Kinyozi, kimya hakukiweza. "Tena alinifunga vizuri sana," akaongeza. "Mpaka sasa haijafunguka."

Ilikuwa kweli. Bado alikuwa na helmeti kichwani. Alikuwa amekimbia mbio zote nayo. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, naye akacheka nao, halafu akainuka akaenda nyuma ya tangi la maji, na huko akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, huku helmeti ikigonga bati. Kutoka pale alimsikia yule dada wa kalamu akiuliza, "Saizi gani?" na kijana mrefu wa chuo akijibu, "Kubwa."

Safari hii hata akiba hakuwa. Aliyetolewa ametolewa.

Saluni jina lake lilibadilika kabla wiki haijaisha. Sasa aliitwa Msaada wa Nje, na jina lile alijipa mwenyewe, ili wasimtangulie. Aliisimulia hadithi yote, shikamoo na miwani na kila kitu, akiigiza na kitana, na wateja walilia kwa kucheka. Ila akifika kwenye "saizi ya kati" alikuwa ananyamaza, anapuliza nywele kwenye mashine, anasema, "Geuza kichwa." Mama mkwe hakuonekana. Mkewe alisema hatoki, anasema ana mafua.

Mchana mmoja mlango wa kioo ukafunguka. Wateja walikuwa kwenye benchi, redio inaongea peke yake. Akaingia mama mkwe. Hakusalimia benchi, na benchi zima likasimama kama darasa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti kikubwa, akakaa, akafungua kilemba, akakiweka mapajani. Nywele zake fupi za mvi zilikuwa zimekua, zimevurugika nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Punguza. Usinisimulie kitu."

Kinyozi alichukua shuka la kunyolea, akalikung'uta, akalirusha mbele yake likatua mabegani. Akazungusha kamba zake nyuma ya shingo, akazifunga kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili unatafuta kitana, huku macho yanaangalia kama soketi imewashwa. Kifungo kikalia. Tik.

Mama mkwe alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Kamba hii umeifunga bila kuangalia."

"Ndiyo, mama."

"Kwa mkono mmoja."

"Ndiyo."

"Na ile ya helmeti ikakushinda nini?"

Kinyozi akafungua mdomo aseme mzaha. Mzaha haukuja. "Hii ni shingo ya mtu mwingine, mama," akasema. "Za watu nafunga kutwa nzima. Yangu sijawahi. Kinyozi hajinyoi."

Benchi halikucheka. Mama mkwe akakishika kilemba chini ya shuka.

"Nani alikuwa anakufunga nyumbani?"

"Binti yako."

"Basi tumekuharibu sote wawili. Ungeweza kusema hapana. Mwamuzi alikufungulia mlango, nilimwona. Siku zote hizi nimelala nikijiuliza kwa nini hukusema."

"Ungekuwa mwongo, mama."

"Ningekuwa mwongo, ndiyo. Na wewe ungekuwa kwenye ndege."

"Ningekuwa kwenye ndege," Kinyozi akakubali. "Niliitaka sana, mama."

"Najua," akasema mama mkwe. "Niliona unavyotetemeka. Ndiyo maana nikakufunga."

Akainamisha kichwa mbele, shingo wazi, kama wanavyofanya watu wote wakikaa kwenye kiti kile, walimu wakuu na wasio walimu. Kinyozi akawasha mashine. Mkono ulikuwa umetulia.

"Anzia nyuma, mwanangu," mama mkwe akasema. "Na usinicheleweshe."